Land Rover ya mjomba na bisibisi iliyozama hadi mpini

Kama una gari kuukuu na unaishi karibu na bahari, fanya hivi leo kabla ya kulala. Chukua bisibisi, lala chali chini ya gari, kisha gonga chesisi kwa mpini, taratibu, kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia ngaa, kama sufuria tupu. Chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito, ya kufa, kama unagonga embe. Ukiisikia hiyo, geuza bisibisi usukume kwa ncha.

Mimi nilisukuma na bisibisi ikazama hadi mpini, kama imeingia kwenye muhogo wa kuchemsha. Vumbi jekundu likanimwagikia machoni. Pale nilipotoboa ndipo springi ya nyuma ya kulia inaposhikilia gari. Na juu yake, upande wa pili wa bati, ndipo wagonjwa wa Chundwa hulazwa wakipelekwa Faza usiku.

Ngoja nirudi nyuma kidogo nisikuache chini ya gari peke yako.

Chundwa, wengine huandika Tchundwa kwa T mbele, iko kisiwani Pate, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Lamu. Najua ukisikia Lamu unawaza punda na vichochoro. Hiyo ni Lamu mjini, sikatai. Huku Pate ni kwingine. Unatoka Lamu kwa mashua, unapita mkanda wa Manda ambao ni lazima usubiri maji yajae, unashuka Mtangawanda, halafu kuna barabara ya udongo na mchanga inayopita Siyu hadi Faza, na huku upande wetu wa Chundwa, Mbwajumwali na Kizingitini. Pikipiki ndizo nyingi. Magari ni ya kuhesabu, na kila gari lililoko huku lilivuka bahari kwanza, likala chumvi kabla halijala barabara.

Mojawapo ni la mjomba wangu, ndugu yake mama. Land Rover Series III, ile ndefu, injini ya petroli ya lita 2.25, na kitabu chake kinasema 1979. Limenitangulia duniani kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa adabu za kwetu ningepaswa kuliamkia kila asubuhi.

Na mimi? Nilikuwa chuoni Mombasa nikisomea uhasibu. Mwaka wa pili karo ikakatika, nami nikakatika nayo. Nikaingia gereji moja, jina nitalimeza, nikaanza kwa kufagia, nikapanda hadi kunyoosha bodi na kupaka rangi. Nilijifunza mengi pale na siwezi kudharau mkono ulionilisha. Lakini nilijifunza pia kuficha.

Kuficha kutu ni kazi rahisi, manze. Unaparuza juu juu kwa brashi ya waya. Tundu likiwa kubwa unakunja gazeti, unalisukuma ndani, unakandika pati juu, unapiga msasa, praima, rangi, halafu ile ya kung'arisha. Saa sita za kazi. Gari linatoka likimeremeta kama bwana harusi, na chini ya koti hakuna shati.

Kuna mama mmoja wa makamo, mteja, aliyekuwa akibeba watoto wa shule. Alirudi baada ya miezi mitatu. Hakupiga kelele. Aliweka mezani kipande cha pati kikubwa kama sahani, upande mmoja rangi yetu, upande wa pili karatasi ya gazeti imegandamana nayo. Ukurasa wa michezo. Niliikumbuka siku niliyoukunja. Ningependa kukuambia niliacha kazi jioni ile. Sikuacha. Niliendelea miezi minane zaidi, kwa sababu kodi ya nyumba haijui majuto.

Kwa hiyo niliporudi Chundwa mwaka jana, na mjomba akaniambia, "Wewe si fundi? Hebu lipige rangi kidogo gari lipendeze," nilijua kabisa cha kufanya. Pati zilikuwa nne madukani kule Lamu. Ningemaliza kwa wiki moja. Nilichokosea, au nilichopatia, ni kulala chini na bisibisi kwanza.

Hebu tuzungumze kutu yenyewe, maana watu huiona kama uzee, kama mvi. Kutu si mvi. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka kitu kingine kabisa, na kitu hicho hakishikani. Kimevimba, kina nafasi kubwa kuliko chuma kilichokizaa, ndiyo maana rangi hupanda vipele na mishono ya bati hupanuka. Na kina vinyweleo, kinanyonya maji na kuyaweka pale pale. Chumvi yenyewe hailiki chuma. Kazi yake ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu kwa hakika ni shughuli ya umeme mdogo mdogo unaotembea ndani ya tone la maji. Chumvi pia huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo hata siku ya jua kali gari la pwani halikauki. We jaribu kuweka chumvi mezani huku kwetu bila kifuniko uone.

Sasa, kila mzee wa gari huku atakuambia, "Land Rover haili kutu." Ni uongo wenye ukweli nusu. Hadithi yake ni hii: mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alichora umbo la gari hilo kwenye mchanga wa ufuo huko Wales. Naam, mchanga wa pwani, si ajabu likatupenda. Likaonyeshwa hadharani Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzi tu na Uingereza chuma cha bati kilitolewa kwa mgao, basi bodi wakaitengeneza kwa alumini. Alumini nayo hushikwa na hewa, ila ngozi yake ya juu ni nyembamba na ngumu, inajifunika na kujilinda. Ndiyo maana utaiona Land Rover ya miaka hiyo imebondeka kila upande lakini haijatoboka.

Ila chesisi ni chuma. Ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma. Na hapo alumini inapokutana na chuma kwa bolti, ukitia maji ya bahari katikati, umetengeneza betri. Metali mbili tofauti, maji ya chumvi, basi. Katika ndoa hiyo ni alumini inayoliwa, inageuka unga mweupe kama wa mkate. Wale wenye mashine za boti wanalijua jambo hili bila kukanyaga chuo: kuna kipande cha zinki kimefungwa kwenye mashine, kazi yake ni kuliwa yenyewe ili mashine isiliwe. Kikiisha unabadilisha. Gari la mjomba halikuwa na kipande cha kuliwa. Lilikuwa linajila lenyewe.

(Wenzetu wa Lamu waliona mbali. FlipFlopi, lile jahazi lililoshushwa majini 2018, liliundwa kwa plastiki taka na ndala chakavu. Halishiki kutu hata ulilaani.)

Nikamwonyesha mjomba bisibisi ikiwa imening'inia chesisini.

"Mjomba, hili halipakwi rangi. Hili linavuliwa lote."

"Lote vipi?"

"Bodi chini, chesisi peke yake, tukate chuma kibovu tuchomelee kipya. Miezi minne, labda mitano."

Alikaa kimya, akapangusa miwani. "Na watu?"

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia watatumia pikipiki. Aliniangalia kama mtu aliyewahi kumbeba mgonjwa wa mgongo kwa pikipiki. Tulibishana siku tatu. Yeye hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotaka iwe: gari bovu linalotembea ni bora kuliko gari zima lililo vipande vipande, kwa sababu ugonjwa hausubiri fundi. Hoja yangu ilikuwa moja tu. Siku springi ile itakapong'oka, itang'oka gari likiwa limebeba mzigo, na mzigo wa gari lile ni watu. Mwishowe hakusema ndiyo. Alinikabidhi ufunguo na kwenda msikitini.

Tulianza Mei, mimi na vijana wawili wa mtaa. Kama utafanya kazi hii, sikiliza ushauri wa mtu aliyeumia: piga picha kabla ya kufungua kila kitu, halafu piga nyingine. Kila bolti na nati iende kwenye kopo lake lenye jina. Sisi tulitumia makopo ya maziwa ya watoto, kijiji kizima kilitukusanyia. Tangi la petroli litoke kabla hujawasha moto wowote, na libaki mbali, maana tangi tupu lina mvuke na mvuke ndio unaolipuka. Betri itoke. Halafu jiandae kisaikolojia kwa bolti. Bolti ya miaka arobaini haifunguki, inakatika. Tulizilowesha kwa dizeli na oili usiku kucha, tukazipasha moto, tukaziombea, na bado nusu yake tulizikata kwa grinda.

Bodi ilipotoka na chesisi ikalala uchi juu ya magogo ya minazi, ndipo tuliona hali yenyewe. Chesisi ya Land Rover ni kama mabomba ya mraba, ina uwazi ndani. Ina matundu madogo chini ya kutolea maji, nayo yote yalikuwa yamezibwa na mchanga. Kwa hiyo kila gari lilipopita dimbwi, maji yaliingia na kukaa. Miaka na miaka. Ilikuwa imeoza kutoka ndani kuja nje, nje rangi nyeusi safi. Tulitoa mchanga ndoo mbili na nusu, na ndani yake kulikuwa na kaa mdogo, mfu, sijui aliingiaje.

Sasa ukishafika hapo, jambo la kwanza ni kuosha chumvi. Usipoiondoa, hata ukipaka rangi ya dhahabu, kutu itaendelea chini yake. Na chumvi haitoki kwa brashi wala msasa, inatoka kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Mengi.

Hapa ndipo nilipokwama vibaya kuliko kwenye bolti. Visima vyetu vingi vina ukali wa chumvi. Maji matamu huku ni ya mvua, yanayohifadhiwa kwenye jabia, yale mabirika makubwa yanayokusanya mvua itiririkayo kwenye sakafu iliyosakafiwa. Ndiyo ya kunywa. Nilitoka na mitungi yangu minne kuelekea jabia, nimejiandaa kabisa, na bibi yangu akawa amekaa barazani akisuka ukili. Hakuinua macho.

"Hilo gari lina kiu kuliko watoto?"

Nilirudisha mitungi. Nilikasirika, sitakuficha, kwa sababu nilijua ana haki na nilikuwa nimeshajipangia ratiba. Basi tukafanya jambo ambalo hutalikuta kwenye video yoyote ya mafundi wa Ulaya: tukaisukuma chesisi uwanjani, tukafungua matundu yote, tukasubiri masika. Mvua ilipokuja tulitoka na brashi, watatu, tumevua mashati, tunasugua chesisi kwenye mvua huku watoto wakitucheka. Ikinyesha tunasugua, ikikatika tunainamisha upande mmoja maji yatoke. Wiki mbili na siku kadhaa. Ndani yalianza kutoka mekundu kama chai, yakamalizika meupe.

Katika siku hizo za kusubiri alikuwa anakuja mzee mmoja, fundi wa majahazi aliyejifunza kazi Matondoni akiwa kijana. Anakaa juu ya gogo, anakunywa kahawa yake, hasemi. Siku niliyoanza kuchora kwa chaki mahali pa kukata, alinyanyuka.

"Umekata wapi?"

Nikamwonyesha, pale tundu linapoishia.

"Ubao ukioza haukatwi mwisho wa tundu," akasema. "Unakatwa mpaka ufike mahali panaponukia mbao."

Chuma hakinuki mbao, lakini nilimwelewa. Nilisogeza chaki nyuma kiganja kizima. Nikapiga grinda nikapata kijivu kinachong'aa, safi, bila doa, ndipo nikakata. Yule mzee akaongeza jingine: nisiunge kwa mkato wa wima ulionyooka. Mbao za jahazi huungwa kwa mkato wa mshazari, moja inalala juu ya mwenzake, ili nguvu isikae mahali pamoja ikapasua. Kumbe ndivyo wanavyofanya mafundi wazuri wa chesisi pia, kiraka kinachongwa ncha kama samaki badala ya mraba. Kule gereji tulikuwa tunapiga mraba tu, tena juu ya chuma kibovu. Kuchomelea chuma kipya juu ya kilichooza ni sawa na kushona kiraka kwenye tishu ya chooni.

Bati la milimita tatu tuliliagiza Mombasa, likaja kwa basi hadi Mokowe, kisha mashua. Tulibadilisha mikono yote miwili ya nyuma inayoshika bodi, chuma cha nyuma kinachounganisha pande mbili, kishikio cha springi ya kulia, na sehemu za kukanyagia miguu mbele. Kuhusu kuchomelea nina mawili ya kukuambia, na tafadhali uyasikie. Miwani ya jua si kinga. Nimeona wasee wengi wakichomelea na miwani ya mtumba, halafu usiku wanalia macho yana mchanga. Tafuta kofia yenyewe. Pili, ukiwa na bati lenye zinki, kama lile la kuezekea, usilichomelee kabla hujasaga zinki pembeni. Moshi wake mweupe utakupa homa usiku, utadhani una malaria.

Pale ambapo kutu ilikuwa nyembamba tu, ya juu, tulijaribu mambo ya kienyeji. Magome ya mkoko yana tanini nyingi, zamani yalisafirishwa kutoka pwani hii kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Na tanini ikikutana na kutu inaigeuza rangi nyeusi ya wino, kitu kigumu kidogo kisichoendelea kula haraka. Hata chai ya rangi kali ukiloweka msumari wenye kutu utaona. Tulichemsha magome yaliyobanduliwa kwenye boriti, tukapaka. Ikawa nyeusi. Nilifurahi kama nimegundua dunia. Lakini usidanganyike: hiyo ni ya kutu nyembamba, na lazima ufunike kwa praima mara tu ikikauka. Kwenye chuma kilichotoboka haisaidii chochote.

Kisha mtu akauliza, ndani ya chesisi tutapaka nini? Brashi haifiki. Wengi humwaga oili chafu. Sikutaka, kwa sababu oili chafu hudondoka, na ikidondoka huku inaenda kwenye visima na mikoko. Yule mzee akasema neno moja: "Sifa."

Sifa ni mafuta ya samaki, ya papa hasa, yanayopakwa mbao za vyombo. Yananuka kiasi kwamba ukiyashika utakula peke yako wiki nzima. Nilicheka. Halafu usiku nikaingia kwenye simu nikasoma habari ya Rust-Oleum, ile kampuni ya Marekani ya rangi za kuzuia kutu. Ilianzishwa 1921 na nahodha Mskoti, Robert Fergusson, aliyegundua kwamba mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yalikuwa yameisimamisha kutu. Nahodha amepata kampuni, sisi tumebaki na harufu. Asubuhi nikamwomba mzee msamaha, tukapasha sifa, tukamimina kwenye kila tundu la chesisi na kuigeuzageuza kama tunachoma mkate. Mpaka leo paka wa Chundwa hulala chini ya gari lile tu.

Sasa nikueleze usiku wenyewe, maana nimeuzungukazunguka.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa kazi. Saa nane za usiku mlango ukagongwa. Jirani, mke wake ameshikwa na uchungu, na si uchungu wa kawaida. Alisimama pale na tochi, akamulika uwanjani. Chesisi ilikuwa juu ya magogo. Magurudumu yameegemezwa ukutani. Bodi iko kwenye makuti upande wa pili. Akamulika gurudumu moja baada ya jingine, polepole, kama anahesabu, halafu akanimulika mimi.

Walimpeleka kwa pikipiki. Dereva mbele, mama katikati, shangazi nyuma akimshikilia. Mjomba aliwafuata kwa miguu mpaka mwisho wa kijiji, sijui kwa nini, hakuna alichoweza kusaidia. Mimi nilikaa juu ya chesisi hadi alfajiri. Saa mbili asubuhi simu ikaja kutoka Faza: mtoto wa kike, mama mzima. Alhamdulillahi.

Mume wake hakunisalimu kwa wiki tano. Nikimwamkia anaitikia kwa kichwa na kupita. Wakati mwingine nikiwa nachomelea nilikuwa najibishana naye kichwani. Namwambia ile springi ingeng'oka usiku ule ule, na mkeo akiwa ndani. Yeye ananijibu, isingeng'oka, ilikuwa imeshikilia miaka yote. Na wote wawili tungeweza kuwa sahihi. Ningeanza upya ningefanya jambo moja tofauti: ningetafuta kwanza gari la kukodi au tuktuk ya dharura ikae kijijini miezi hiyo, kabla ya kufungua hata nati moja. Nilipiga hesabu ya bati, ya praima, ya petroli ya jenereta. Hesabu ya watu niliiacha kwa pikipiki. Na nilisomea uhasibu.

Kuhusu pesa, kwa kuwa najua ndilo swali lako: Sh214,600, bila kuhesabu mikono yetu. Nyingi zaidi zilikwenda kwenye bati na nauli yake, paipu mpya za breki, vijiti vya kuchomelea na petroli ya jenereta. Speya nyingine tulizipata Kirinyaga Road, Nairobi, kwa kutumiwa picha na kubembelezana kwa simu. Mjomba aliuza nyavu zake. Mimi niliuza laptopu, ndiyo maana makala haya nayaandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Kwa pesa hizo ungepata pikipiki mpya na chenji, na kama gari lako ni la kutembelea tu mjini, nitakuambia kweli: nunua pikipiki. Uingereza kuna kampuni zinazouza chesisi mpya iliyochovywa kwenye zinki, unahamisha bodi yako na kusahau kutu maisha yako yote. Nilipiga hesabu ya kuileta mpaka Mtangawanda nikazima simu.

Rangi tulisubiri kusi itulie. Upepo wa kusi ukivuma, hewa yenyewe ina chumvi na mchanga, utapaka rangi na msasa kwa wakati mmoja. Tulipaka Oktoba, wakati wa maleleji, kwa brashi, si kwa mashine, kijani ile ile ya zamani. Ukikaribia unaona mistari ya brashi na vile viraka vya ncha ya samaki, sikuvifunika kwa pati. Mjomba alivizunguka akavigusa kimoja kimoja.

"Hukuficha," akasema.

"La, mjomba."

"Halipendezi."

"Ndiyo, mjomba."

Akaingia, akawasha, likashika mara ya tatu. Mwezi huo huo kule Arusha miaka ya nyuma, Oktoba 2024, mamia ya wenye Land Rover walikusanyika kwa msafara mkubwa, magari yanang'aa mpaka yanaumiza macho. La mjomba wangelisimamisha nyuma ya choo. Safari yake ya kwanza ilikuwa Faza, na aliyekaa mbele alikuwa yule jirani, na mkewe, na mtoto wa miezi miwili na kitu anayekwenda kuchanjwa. Mimi nilikaa nyuma, juu ya ile springi. Jirani aligeuka tukiwa tumekaribia kufika, akaniuliza kama hiyo harufu itaisha lini.

Sasa kila Alhamisi jioni nalala chini na bisibisi. Naanza mbele, nakwenda nyuma. Juzi mkono wa kushoto, ule ambao hatukuubadilisha kwa sababu ulikuwa mzima, sauti yake ilikuwa tofauti kidogo. Si embe bado. Nimeuwekea alama ya chaki, na nimeshamuuliza mwenye tuktuk wa Faza bei ya wiki mbili.